Mama anasema dada wa kazi kamwibia, na kila magharibi anataka kurudi kwao

BARUA

Mshauri, habari za kazi. Naomba nisitajwe jina, niite tu Binti wa Mwisho. Naishi Tanga mjini na mama yangu mwenye miaka 74, wanangu wawili na dada wa kazi. Mama alikuwa mtu wa kujitegemea, ametulea sote watano kwa biashara ya vitumbua. Ilianza kidogo kidogo, kama miaka miwili iliyopita. Akawa anauliza jambo moja mara tano kwa siku, mchuzi anautia chumvi mara mbili, kisha siku moja akapotea njia ya kutoka sokoni ambayo ameipita maisha yake yote. Tukasema ni uzee.

Mwaka huu imekuwa mambo mengine. Anasema dada wa kazi anamwibia pesa na khanga. Wasichana wawili wameshaondoka, na wa tatu ameniambia mwezi ukiisha naye anakwenda zake. Pesa tunazikuta baadaye ndani ya foronya au kwenye ndoo ya mchele. Nikimwonyesha, anasema msichana kazirudisha baada ya kushtukiwa.

Jioni ndiyo balaa. Ikikaribia magharibi anafunga kifurushi chake, anasimama mlangoni, anakwenda kwao Pangani, mama yake anamngoja. Bibi amefariki siku nyingi. Nikimwambia hivyo analia kama ndiyo kwanza anapewa habari ya msiba, na kesho tunaanza upya. Kuoga hataki. Mara ya mwisho nilimvuta mkono mpaka ukabaki alama, na tangu siku hiyo akiniona na kopo la maji anajikunyata, ingawa ukimuuliza hakumbuki kitu.

Kaka yangu akija kutoka Dar anamuuliza, “Mama, mimi nani? Leo siku gani?” Mama ananyamaza au anatukana, naye hakuwa mtu wa matusi. Majirani wanasema bibi ana mambo ya usiku. Duka la dawa walitupa vidonge vya usingizi, anameza pamoja na Piriton ya mafua yasiyokwisha. Analala, lakini asubuhi anakuwa hajijui kabisa, na juzi alianguka chooni. Tena kaka anataka mama aweke dole gumba kwenye karatasi za kiwanja chake yeye mama kabla hali haijawa mbaya zaidi. Nimechoka, na nikichoka nampigia kelele. Nifanye nini?

MAJIBU

Binti wa Mwisho, pole sana. Tuanze na vidonge, kwa sababu mengine yanaweza kungoja wiki moja, hilo haliwezi.

Piriton kila nyumba inayo, kwa hiyo watu hawaihesabu kama dawa. Kwa mzee mwenye tatizo la kumbukumbu ni dawa mbaya. Inazuia kazi ya asetilikolini, kemikali ambayo ubongo unaihitaji ili kuweka kumbukumbu na kuwa makini, na ndiyo hiyohiyo inayopungua kwa watu wenye Alzheimer, ugonjwa wa ubongo unaofuta kumbukumbu polepole. Ichanganye na kidonge cha usingizi, utapata hasa ulichokieleza: asubuhi hajijui, anayumba, anaanguka. Piriton iacheni leo. Vidonge vya usingizi, soma jina kwenye pakiti. Kama ni diazepam na amekunywa kila usiku kwa wiki kadhaa, msikate ghafla, maana kukata ghafla kunaweza kuleta kutetemeka na hata degedege. Daktari ndiye atakayempunguzia hatua kwa hatua. Na asitokee mtu akawauzia haloperidoli au Largactil, dawa za magonjwa ya akili, “ya kumtuliza”. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kali mwaka 2005 kwamba dawa mpya za kundi hilo huongeza vifo kwa wazee wenye dimenshia, yaani maradhi ya ubongo yanayoharibu kumbukumbu na fikra, na mwaka 2008 ikaziingiza na za zamani. Daktari anaweza kuziandika pale mgonjwa anapokuwa hatari kwake au kwa wengine, kwa dozi ndogo na muda mfupi. Duka la dawa siyo mahali pa uamuzi huo.

Kule kuanguka pia msikudharau. Kwa wazee damu inaweza kuvuja taratibu kati ya fuvu na ubongo, dalili zikaja wiki kadhaa baadaye. Akianza kusinzia mchana kutwa, kutapika, kulalamika kichwa, au upande mmoja ukalegea, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo.

Hata bila hayo, hospitali ni lazima. Kwa Tanga, hospitali ya rufaa ya mkoa ni Bombo, na mama ana zaidi ya miaka 60, kwa hiyo ulizia dirisha la wazee. Beba dawa zake zote kwenye mfuko mmoja, na za miti shamba zikiwemo. Mweleze daktari nini kilianza kwanza na lini. “Amechanganyikiwa” haimsaidii; “miaka miwili iliyopita alianza kurudia maswali, mwaka huu anaficha vitu” inamsaidia sana. Omba apimwe presha, sukari, wingi wa damu, mkojo, tezi la shingo, vitamini B12, kaswende na virusi vya UKIMWI, na aangaliwe macho na masikio. Sonona nayo humfanya mzee asahau. Baadhi ya haya yanatibika, na ni hasara kubwa kumwita mtu mgonjwa wa kusahau kumbe tezi halifanyi kazi au masikio yamejaa nta.

Shika na hili: dimenshia hutembea kwa miezi na miaka. Mzee akibadilika ndani ya saa chache au siku mbili, mara kazubaa, mara anaona watu wasiokuwepo, hiyo ni dharura, hata kama dimenshia alikuwa nayo tangu zamani. Mara nyingi chanzo ni maambukizi ya mkojo au ya mapafu, upungufu wa maji mwilini, au dawa.

Kwa barua tu hatuwezi kumpa mama jina la ugonjwa, lakini mwendo ulioueleza unafanana na dimenshia, na aina yake inayoongoza ni Alzheimer. Daktari Mjerumani Alois Alzheimer alieleza habari zake kwa mara ya kwanza mwaka 1906, kwa kisa cha mwanamke aliyelazwa Frankfurt. Mwanamke yule alianza kwa kumshuku mumewe, kisha akawa anabeba vitu huku na huko nyumbani na kuvificha. Hayo wajibuni majirani. Na wasiseme ni maradhi ya Wazungu: utafiti uliofanyika wilayani Hai, Kilimanjaro, kwa watu wa miaka 70 na zaidi ulikuta takriban 6 katika kila 100 wana dimenshia. Nendeni wewe na kaka kwa mjumbe na kwa majirani wa karibu mkaseme wazi kwamba mama ana ugonjwa wa ubongo na anatibiwa. Katika nchi ambayo vikongwe wameuawa kwa kudhaniwa wachawi, kunyamaza kwa aibu ni hatari kuliko aibu yenyewe.

Sasa pesa. Kumbukumbu ziko za aina mbalimbali, na ya kwanza kuharibika ni ile ya mambo ya karibuni: nimekula nini, nimeweka wapi. Mama anajua alikuwa na pesa. Kwamba amezificha mwenyewe, hilo halikuandikwa kabisa kichwani, kwa hiyo hawezi kulikumbuka hata akijitahidi. Ubongo hauvumilii pengo, unaliziba kwa maelezo yanayoingia akilini: zilikuwepo, hazipo, basi zimeibwa. Na mwizi atakuwa nani kama si yule anayeingia chumbani kila siku? Ndiyo maana ushahidi haumshindi. Ulipomwonyesha zile pesa, akatunga sababu mpya papo hapo, na hapo hakuwa anakudanganya.

Kwa hiyo acheni kubishana, na pia msikubali kwamba msichana ni mwizi. Jibu hofu yake: “Lo, pesa hazionekani? Inakera kweli. Hebu tuzitafute wote.” Nenda naye kwenye maficho yake. Wazee wengi wana matatu au manne ya kudumu, na kwa barua yako tayari unayajua mawili. Muache azione yeye. Usiseme “Si unaona!” Mkizipata, mpe kitu cha kushika, chai au khanga za kukunja, maana akibaki amekaa bure atarudi palepale. Mtafutie pochi mbili zinazofanana, kila moja na noti chache za 1,000, ili moja ikipotea nyingine itokee. Pesa kubwa, kadi na hati ziondoke chumbani. Kabla ya kumwaga taka, pekua.

Msichana mwambie ukweli wote leo, na atakayekuja mwambie siku anapoajiriwa. Akituhumiwa, asijitetee na asiwe yeye wa kutafuta, maana akizipata yeye kesi imethibitika. Atamke sentensi moja, “Pole bibi, ngoja nimwite dada,” kisha atoke. Ila weka hesabu ndogo ya kilichomo kwenye pochi. Mzee anayesahau huibiwa kweli pia, na mkizoea kusema “ni ugonjwa tu” hamtajua siku wizi utakapotokea.

Kuoga ndiko kulikokuumiza zaidi, nadhani. Unashangaa mama hakumbuki kuvutwa mkono, na bado anaogopa kopo. Mwaka 1911 daktari wa Uswisi, Édouard Claparède, aliandika habari za mgonjwa wake aliyekuwa hawezi kuweka kumbukumbu mpya, hata daktari mwenyewe alimwona mgeni kila wanapokutana. Siku moja Claparède alificha pini katikati ya vidole akampa mkono. Baadaye yule mama hakukumbuka kuchomwa, lakini daktari aliponyoosha mkono tena, alirudisha wake nyuma. Tukio lilikuwa limefutika na hofu ikabaki. Upande wa pili wa jambo hilo watafiti wa Chuo Kikuu cha Iowa waliuonyesha mwaka 2014: wagonjwa wa Alzheimer walitazama vipande vya filamu vya huzuni na vya furaha, muda mfupi baadaye walikuwa wamesahau mengi ya walichotazama, na hisia zenyewe bado zilikuwemo. Maana yake kwako ni kwamba kelele unazopiga zinamkalia mwilini bila yeye kujua zilikotoka, na utulivu vilevile.

Basi anza upya na maji. Kwa wiki nzima msiogeshe, mpanguse tu kwa kitambaa cha maji ya moto: uso, mikono, kwapa na sehemu za siri kila siku. Hiyo inatosha kulinda ngozi, na hata baadaye kuoga mwili mzima mara mbili au tatu kwa wiki si uchafu. Kopo lile liondoke, lije jagi la rangi nyingine, na kama inawezekana mwingine amwogeshe. Saa iwe ile aliyozoea kuoga enzi zake. Bafu likauke, na awe na kiti cha plastiki kisichoteleza. Maji yapime kwa kiwiko. Usiulize “Utaoga?” kwa sababu jibu unalijua. Sema, “Mama, maji ya moto tayari, njoo tunawe miguu.” Khanga ibaki mabegani, umsafishe chini yake. Anza na miguu, panda juu polepole, kichwa kiwe mwisho au siku nyingine kabisa. Mshikishe dodoki, mkono wenye kazi haukupigi, na anaona anaoga, haogeshwi. Toa agizo moja, kisha hesabu kimoyomoyo hadi kumi, maana ubongo wake unachelewa kulipokea. Mara nyingi mambo huharibika kwa maji ya kumwagiwa kichwani bila taarifa, watu wawili kumshika, au nyie kuongea juu ya kichwa chake kana kwamba hayupo. Akikataa, acha, rudi baada ya dakika ishirini.

Jioni. Saa hizo mama amechoka, njaa imeanza, mwanga unapungua na vivuli vinamchanganya, watoto wamerudi, redio na vyungu vinalia. Akisema anakwenda kwao, mara nyingi anataka kusema hapa sijatulia. Mpeni chai na kitafunwa saa kumi, na chai ya rangi kali isitolewe baada ya hapo. Washeni taa saa kumi na moja na nusu, kabla giza halijaingia. Usingizi wa mchana usizidi nusu saa, na uwe kabla ya saa nane. Asubuhi atoke juani atembee. Mwanga wa asubuhi ndio unaourudisha mwili kwenye saa zake. Halafu saa ile yenyewe mpe kazi ya mikono. Ujuzi wa mikono hukaa muda mrefu baada ya kumbukumbu za jana kupotea, na mama huyu ana miaka ya kupepeta na kuchambua mchele wa vitumbua. Mpe ungo. Hata akichambua mchele uleule mara mbili, uliokwisha kusafishwa, hakuna kilichoharibika. Moto tu ndio asiachiwe.

Akisimama mlangoni na kifurushi, usimwambie “hapa ndiyo kwako.” Mshike mkono, tokeni wote, zungukeni nyumba mbili tatu, mrudi kwa njia nyingine. Wengi wakifika mlangoni wanaingia kama wamewasili. Lakini jiandaeni kwa siku atakayotoka peke yake: shona namba yako ya simu kwenye pindo la nguo zake, weka picha yake ya karibuni kwenye simu, waambie mwenye duka na vijana wa kijiwe cha bodaboda. Akipotea, tafuteni kwanza jirani kabisa, kwenye mapagale, mitaro na njia ya kuelekea stendi, na mtoe taarifa kwa serikali ya mtaa na polisi mara moja. Asiwadanganye mtu kwamba lazima yapite masaa 24.

Kuhusu bibi, umekuwa ukimfisha upya kila jioni. Wasomaji wengi wakifika hapa husema: basi nimdanganye mama yangu? Huna haja. Huhitaji kusema bibi yuko hai. “Unamkumbuka mama leo. Alikuwa anawapikia nini kule Pangani?” Hilo swali halina uongo ndani yake, tena linagusa kumbukumbu za zamani ambazo bado anazo. Akiuliza waziwazi, “Mama yangu amekufa?” huku ametulia, mjibu kweli kwa sauti ya chini, mara moja, kaa naye, kisha muanze kumzungumza bibi alivyokuwa.

Kaka aache mtihani. Kila swali la “mimi nani?” linamweka mama mbele ya watu ameshindwa, na matusi ni njia ya kujiokoa na aibu. Akija aseme, “Shikamoo mama, mimi mwanao wa Dar, nimekuletea maembe.” Na kazi aliyonayo ni nyingine. Atafute namna ili wewe upate siku moja nzima kila wiki, alipie mtu au wapokezane na ndugu wengine. Pesa ya dawa peke yake haitoshi. Kumvuta mkono mpaka alama ni kumwumiza, na ulivyoandika inaonyesha unalijua hilo. Ukihisi koo limekaza na sauti inapanda, mkalishe mahali salama, toka nje dakika tano. Siku mbili mfululizo zikiwa hivyo, mpigie kaka usiku uleule, usingoje mwisho wa mwezi.

Nunua daftari la kawaida, chora safu nne: saa, kilichotangulia, alichofanya, kilichofuata na nani alikuwepo. Andika kwa siku saba, mistari miwili mitatu tu kila tukio. Pengine utaona wizi unatajwa zaidi siku za wageni, au siku ambazo choo kimekuwa kigumu. Ukiona kinachojirudia kwenye safu ya pili, badilisha hicho kwanza, kimoja kimoja, la sivyo hutajua kilichosaidia. Safu ya nne nayo isome vizuri: kama anapata mtu wa kukaa naye pale tu anapopiga kelele, basi kelele zitaendelea. Kaa naye robo saa wakati ametulia. Daftari hilo nenda nalo hospitali. Kama ni Alzheimer, zipo dawa kama donepezil zinazosaidia baadhi ya watu kwa muda, haziponyi, na daktari atahitaji kujua hali ilikuwaje kabla ya kuanza.

Karatasi za kiwanja zisiguswe kwa sasa. Kusahau hakumwondolei mama haki ya kuamua mali yake, huenda bado anaelewa akielezwa asubuhi kwa lugha rahisi, na huenda haelewi. Hilo daktari alitazame na kuliandika kwanza. Mkataba wa mtu asiyeelewa anachokiwekea dole unaweza kubatilishwa mahakamani, na ndugu watano mkaingia kwenye kesi mama akiwa bado hai. Mwanasheria awe wa mama, asiwe aliyeletwa na kaka, amhoji mama faraghani bila mtoto yeyote chumbani, na ninyi wote watano mjue siku hiyo ni lini.